Habari za Udongo Mweupe wa Pugu

Watu wa Uzaramo wanaujua udongo mweupe wa Pugu tangu utoto wao. Mtu akishika njia ya kwenda Kisarawe huuona kila mahali palipokatwa kilima, nao ni mweupe kama unga wa muhogo, laini mkononi, na mvua ikinyesha vijito hugeuka rangi ya tui. Kwa macho ya wengi ni udongo tu. Walakini udongo huo umekwisha kusafiri hata Ulaya, ukawekwa mbele ya nuru isiyoonekana kwa macho, na jina la Pugu likaandikwa katika vitabu vya wenye elimu wa nchi nyingi kwa sababu ya kasoro moja iliyomo ndani yake. Kasoro hiyo ndiyo habari yangu. Na kwa kuwa ni habari ya vitu vidogo mno, msomaji asiwe na haraka.

Kwanza jina lake. Udongo wa namna hii huitwa kaolini, na neno hilo latoka China. Karibu na mji wa Jingdezhen, ambao watu wake walifanya vyombo vya kaure kwa karne nyingi, kipo kilima kiitwacho Gaoling, maana yake kilima kirefu, na huko ndiko walikochimba. Mwaka 1712 padre mmoja Mfaransa, jina lake d'Entrecolles, aliandika barua ndefu kutoka nchi ile akieleza jinsi mafundi walivyouosha udongo, walivyouchanganya na jiwe lililosagwa, na walivyouchoma. Barua ile ilisomwa sana Ulaya, maana Wazungu walikuwa wakitafuta siri ya kaure, na Wadachi wa Meissen walikuwa ndio kwanza wameipata.

Sisi wa Pwani tulivijua vyombo vya China zamani kuliko Wazungu wengi. Mtu aendaye Kaole, karibu na Bagamoyo, au Kunduchi, ataona makaburi ya kale ambayo ndani ya kuta na nguzo zake zilipachikwa sahani na bakuli za Kichina. Vyombo vile vilivuka bahari yote ya Hindi, na thamani yake ilikuwa kubwa hata vikawekwa kuwa heshima ya wafu. Na muda huo wote, mwendo wa siku moja au mbili kutoka makaburi yale, udongo wa jamii ile ile ulikuwa umelala vilimani bila kuulizwa na mtu.

Ulifikaje pale? Mawe magumu ya bara, kama yale ya Uluguru, yana ndani yake madini ambayo mvua na joto huyaozesha polepole kwa miaka mingi isiyohesabika. Yakioza, hubaki kaolini. Maji yaliichukua kaolini hiyo pamoja na mchanga, yakaitua karibu na bahari, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo udongo wa Pugu haukuzaliwa Pugu. Ni mgeni aliyeletwa na maji, naye amechanganyika na mchanga mweupe ambao sharti utolewe kwa kuosha. Jambo hili la safari tulikumbuke, maana litatufaa mbele.

Wadachi walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Ilibidi ipite vilima vya Pugu, na huko walichimba njia ya chini kwa chini. Handaki la reli ya zamani lingaliko. Vilima vilipokatwa namna ile, weupe wake ukaonekana wazi kwa kila abiria.

Sasa tuuache udongo kidogo, tuitazame ile nuru.

Msomaji wa Kibaha aliyevunjika mkono akapelekwa hospitali ya Tumbi ameijua eksirei. Nuru hiyo hupenya nyama na kuzuiwa na mfupa, ikaacha kivuli katika picha. Aliyeivumbua ni Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, na pete yake ikaonekana juu ya mfupa. Röntgen hakutaka kujifungia faida ya kazi yake kwa hati, aliiachia dunia yote. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, naye ndiye mtu wa kwanza kuipata.

Lakini Röntgen mwenyewe hakujua nuru yake ni kitu gani, ndipo akaiita X, kama tuitavyo katika hesabu kitu kisichojulikana. Wengine walisema ni mawimbi, wengine wakasema ni vipande vidogo virukavyo. Fumbo hilo lilikaa miaka 17.

Mwaka 1912, mjini München, Max von Laue alikuwa na wazo. Tazama mawimbi ya bahari yakipita katika uzio wa fito za wavuvi. Kama nafasi baina ya fito ni kubwa mno, wimbi hupita tu. Lakini nafasi zikilingana na upana wa wimbi, kila ufito huzaa viwimbi vyake, navyo hukutana upande wa pili: penye migongo miwili kukutana maji huinuka, na penye mgongo kukutana na bonde maji hutulia. Laue alifikiri ya kuwa, ikiwa eksirei ni mawimbi, basi ni madogo mno, na uzio wa kuyafaa hauwezi kufanywa na mkono wa mtu. Ila upo uzio uliokwisha kufanywa, nao ni fuwele.

Fuwele ni kitu ambacho chembe zake, zile tuitazo atomu, zimejipanga kwa safu, kila moja mahali pake, juu na chini na pembeni, bila kukosea. Punje ya chumvi ni fuwele, na sukari kadhalika. Wasaidizi wa Laue, yaani Friedrich na Knipping, walichukua kipande cha mrututu, ule wa buluu ambao wazee walitilia vidonda, wakakipitishia eksirei, na nyuma yake wakaweka kioo cha picha. Picha ilipooshwa ilionyesha madoa yaliyojipanga. Kwa kipande kimoja cha mrututu yalijulikana mambo mawili: eksirei ni mawimbi, na fuwele ni safu za atomu.

Habari zikafika Uingereza kwa mzee William Henry Bragg, mwalimu wa chuo kikuu cha Leeds, na kwa mwanawe William Lawrence, kijana wa miaka 22 aliyekuwa Cambridge. Yule kijana ndiye aliyeona njia nyepesi. Alisema, tuzihesabu safu za atomu kama vioo vilivyopangwa kimoja nyuma ya kimoja. Eksirei hurudishwa kwa nguvu katika pembe fulani tu, na ukiipima pembe, unajua umbali baina ya kioo na kioo. Mwaka 1913 walikwisha kueleza jinsi chumvi ilivyopangwa ndani yake. Mwaka 1915 baba na mwana wakapewa tuzo ya Nobel pamoja, mwana akiwa na miaka 25, wala mpaka leo hapana aliyepata tuzo hiyo katika sayansi naye mdogo kuliko yeye. Tulikumbuke jina la Leeds.

Njia ya akina Bragg ilitaka fuwele moja kubwa, ya kushikika. Udongo hauna. Chembe moja ya kaolini ni ndogo kuliko sehemu mbili za milimita iliyogawanywa mara elfu, nani ataishika? Jawabu lilitoka kwa Debye na Scherrer huko Göttingen mwaka 1916, mwaka ule ule ambao Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Walitumia unga. Katika unga fuwele zimelala kila upande, nyingi kupita hesabu, hata lazima ziwepo chache zilizolala kwa pembe inayotakiwa. Mahali pa madoa hupatikana mistari, na kila mstari ni umbali mmoja. Tangu hapo tope nalo likaweza kuulizwa maswali.

Kaolini ilipoulizwa ilijibu hivi. Mwaka 1930 Linus Pauling, wa California, alichora umbo lake, na wengine wakamfuata kulisahihisha. Ni tabaka juu ya tabaka, kama ulanga uliochimbwa Uluguru zamani za Wadachi. Kila tabaka lina karatasi mbili zilizogandamana, moja ya silikoni na oksijeni, ya pili ya alumini na oksijeni na hidrojeni. Unene wa tabaka ni kama sehemu 7 za milimita iliyogawanywa mara milioni 10, hata tabaka zipatazo 1,400,000 zingehitajiwa ili kufikia unene wa milimita moja.

Lakini si kaolini zote zilizojibu sawasawa. Udongo mwingine ulitoa mistari mingi, myembamba na mikali, kama iliyopigwa kwa kisu. Mwingine, wenye viungo vile vile kwa kipimo kile kile, ulitoa mistari michache, na mingine imevimba na kuungana, ikawa kama utepe wenye ukingo mkali upande mmoja na upande wa pili ukififia polepole. Mtu mvivu angesema picha imeharibika. Brindley, wa Leeds, na mwenzake Robinson hawakusema hivyo. Mwaka 1946 walieleza ya kuwa tatizo haliko katika picha, liko katika mpango wa tabaka.

Hapa naomba msomaji afikiri juu ya mabati. Fundi wa nyumba akipanga mabati yenye migongo, moja juu ya moja, hukaa vizuri mgongo juu ya mgongo. Akilisogeza bati moja pembeni kwa mgongo mmoja kamili, bado litakaa vizuri. Fungu halitazidi urefu wala kupungua, ila kingo za pembeni hazitalingana tena. Akisogeza hili kulia na lile kushoto bila kufuata mpango, atakuwa na fungu ambalo kwa kulipima toka chini hata juu ni sawa kabisa, na kwa kulitazama ubavuni ni fujo. Tabaka za kaolini zina migongo namna hiyo. Katika upande mmoja kila hatua yake imegawanyika mara tatu, na tabaka laweza kusogea theluthi ya hatua likakaa bila taabu. Basi ile mistari ipimayo unene wa tabaka hubaki mikali, na ile itegemeayo ubavu huvimba na kuungana. Ndivyo walivyosoma fujo katika picha.

Ndipo inapoingia Pugu. Mwaka 1954, katika gazeti la wenye elimu ya madini liitwalo American Mineralogist, ilitoka makala juu ya madini ya udongo wa Pugu, Tanganyika. Majina ya walioandika ni matatu: Robertson, Brindley na Mackenzie. Robertson alikuwa mjuzi wa udongo. Brindley ni yule yule wa Leeds, aliyehamia Marekani mwaka 1953. Mackenzie alikuwa Aberdeen, katika taasisi ya Macaulay, stadi wa kuujaribu udongo kwa kuutia moto kidogo kidogo na kutazama wapi unakunywa joto na wapi unalitoa. Waliupitisha udongo wa Pugu katika eksirei na katika moto, wakaukuta una kaolini ya namna ile iliyosogea, tabaka zake zimepangwa bila utaratibu wa ubavuni. Tangu hapo kila aandikaye juu ya kaolini yenye fujo hukutana na Pugu katika kusoma kwake, hata kama hajui iko wapi.

Juu ya makala ile hapana jina hata moja la mtu wa Uzaramo. Silalamiki kwa ajili ya fahari tu. Mtu aliyezaliwa pale, anayejua tabaka lipi hukaa chini ya lipi na kisima kipi hutoa maji meupe, angeweza kuwaambia mengi ambayo picha haziwezi kusema. Elimu ya eksirei haikuwa imefika kwetu, ni kweli. Lakini akili ilikuwapo. Katika miaka hiyo hiyo, juu ya vilima hivyo hivyo, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, alikuwako mwalimu Julius Nyerere, ambaye Julai 1954 alichaguliwa kuongoza chama kipya cha TANU, na Machi 1955 akaacha kazi ya ualimu. Kila siku alikanyaga udongo ule uliokuwa ukijadiliwa Marekani.

Pengine msomaji atauliza, kwa nini kusumbuka na udongo, na nchi ina dhahabu? Dhahabu ni fuwele nyepesi kueleza kuliko zote. Mwuzaji wa machungwa katika soko la Kisarawe akipanga fungu lake, kila chungwa la juu likikaa katika shimo baina ya yale ya chini, amekwisha kupanga kama atomu za dhahabu zipangwavyo, na umbo linalopatikana ni la mchemraba, pande zote sawa. Kwa miaka mingi iliaminiwa ya kuwa dhahabu haijui mpango mwingine katika hali ya kawaida. Hata hivyo katika miaka ya baada ya 2010, wataalamu wa Bangalore, nchini India, walifanya vifuwele vidogo mno vya dhahabu ambavyo eksirei ilionyesha kuwa ndani yake mchemraba umevutwa, upande mmoja mrefu kuliko mingine. Hata dhahabu, basi, ikiwa katika vifuwele vidogo na kubanwa na umbo lake, huacha desturi. Udongo wa Pugu ulitangulia kuonyesha jambo la jamii hiyo, ila kwa njia nyingine: mchemraba wa dhahabu ulivutwa, na tabaka za udongo zilisogea.

Na kusogea huko si jambo la vitabuni tu, kwa kuwa mfinyanzi hulihisi vidoleni. Kwa kawaida kaolini iliyopangwa vizuri, kama ile ya Cornwall nchini Uingereza iliyobaki pale pale ilipozaliwa ndani ya jiwe lake, ina vifuwele vikubwa zaidi, nayo haishikamani sana. Kaolini yenye fujo huonekana zaidi katika udongo uliosafirishwa na maji. Vifuwele vyake ni vidogo, hushika maji zaidi, hukunjika bila kupasuka, na kikikauka chombo huwa na nguvu kabla hakijachomwa. Lakini hunywea zaidi katika kukauka, na asiyejua ataona sahani zake zimepinda.

Hapo ndipo yanapotoka madhara ya kupima udongo kwa rangi na kwa viungo peke yake. Mtu akipeleka udongo wa Pugu na udongo wa Cornwall kwa mkemia, atarudishiwa hesabu mbili zilizo karibu sana: alumini kiasi hiki, silikoni kiasi hiki. Akachukua vipimo vya kiwanda cha Ulaya, akavifuata neno kwa neno, akashangaa mambo yanaharibika tanurini. Mkemia hakusema uongo. Alihesabu mabati, hakutazama yamepangwaje.

Moto nao una habari zake. Kaolini ikifika joto la digrii kama 500 au 600 hutoa maji yaliyofungwa ndani yake, na mpango wake wote huvunjika. Ukiipiga picha ya eksirei wakati huo mistari yake yote imetoweka. Haijawa kitu kipya bado, wala si kile cha zamani tena. Katika hali hiyo hupatana vizuri na chokaa, na siku hizi huchanganywa na saruji katika nchi nyingi. Ikizidi digrii 1,000 mpango mwingine huzaliwa, mgumu, usioyeyuka majini, nao ndio uipao kaure nguvu yake.

Juu ya wingi wa udongo wa Pugu husemwa maneno makubwa, hata wengine hudai kuwa ni hazina ya pili duniani. Mimi sioni faida ya kushindania namba. Ni mwingi, yatosha. Swali lililo zito zaidi ni kwamba kandokando ya machimbo upo msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya Pwani, wenye ndege na miti ambayo ni michache mno mahali pengine. Anayechimba hawezi kuurudisha mti wa miaka mia. Ndiyo sababu ni afadhali kujua tani moja ya udongo yafaa kazi gani kabla ya kuichimba, kuliko kuchimba tani kumi kwa kubahatisha. Kwa kazi hiyo hapana haja tena ya kungoja makala kutoka mbali. Picha ambayo zamani ilitaka saa nyingi mbele ya filamu, siku hizi mashine huitoa kwa dakika chache, nayo huchorwa na kompyuta.

Anayetaka kuona mwenyewe nusu ya jambo hili bila mashine yoyote, na achukue chupa nyeupe yenye maji safi, atie ngumi moja ya udongo wa Pugu, aitikise sana, kisha aiweke mezani. Mchanga utashuka mara moja, atausikia ukigonga chini. Juu yake maji yatabaki kama maziwa, na hata kesho asubuhi hayatakuwa yametakata. Huo weupe unaoelea ndio uliopigwa picha.